Handbreki Uliyoiacha Nusu

Wandera mwanangu,

Leo nimeivuta handbreki yako kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye mlima uleule wa Osukuru, lori likiwa limejaa mawe. Najua hupendi mtu aanzie mwisho. "Mama, anza na bolti ya kwanza," ndivyo ulivyokuwa ukinikatiza nikianza habari zangu. Haya, naanza na bolti ya kwanza.

Turubai za matanga yako zilikuwa bado zimesimama uwanjani hapa Lumino wakati baba yako mdogo, Ojiambo, aliponiita kando ya jiko. Akasema, "Mama Wandera, hilo lori limetuulia mtoto. Waje watu wa vyuma chakavu walikate." Hapo sikumlaumu. Hata mimi nilikuwa nikipita nyuma ya nyumba ili nisilione. Lakini akaongeza neno, tena kwa sauti, wazee wakisikia: "Na fundi gani anapanda Osukuru na lori halina handbreki?"

Mwanangu, lile neno liliniingia kuliko udongo walioutupa juu yako.

Maana mimi ndiye niliyekutangaza. Soko lote la Lumino lilijua kwamba mtoto wangu aliitoa giaboksi ya zamani ya lori la baba yake, ile iliyokuwa inalia kama ng'ombe aliyekosa ndama, akaweka giaboksi ya gia tano kutoka lori la Kijapani, na lile lori la pua ndefu, ambalo wenzake wote wameshakuwa masufuria, likaenda Busia na kurudi bila kupumzika njiani. Nilijisifu mpaka wauza samaki wakiniona naja wanaanza kupanga samaki waliokwisha kupangwa. Halafu unazikwa, na shemeji yangu anakuita fundi wa ovyo mbele ya watu, na mimi, mdomo huu wote nilio nao, nainama kuchochea moto.

Maana kulikuwa na ukweli ndani ya neno lile. Acha nikuambie, nilikukasirikia. Nilikaa na hasira juu yako kama mtu anavyokaa na homa. Wewe mwenyewe ulinieleza jambo la handbreki mezani, kwa sahani na kifuniko cha sufuria. Ulisema malori ya kisasa handbreki yake inashika magurudumu, lakini hili la baba inashika dramu moja tu, ngoma ya chuma iliyo nyuma ya giaboksi, pale inapoanzia propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma. Ukaigeuza sahani, ukaibana kwa kifuniko, sahani ikasimama. "Sasa giaboksi imetoka, Mama, na dramu imetoka nayo. Hii mpya haina pa kuikalisha. Lazima nichonge sahani ya chuma ya katikati, upande mmoja uongee Kijapani, upande mwingine uongee lugha ya lori la baba." Nilicheka. Nikakuuliza, na sasa hivi unasimamaje mlimani? Ukaniambia, "Nina kabari. Handbreki inakuja."

Inakuja. Wiki baada ya wiki, inakuja.

Hiyo kabari naijua. Ulichonga wewe, kipande cha mvule, kizito kama mtoto wa miezi, kimekatwa mshazari kiingie vizuri chini ya tairi. Kingekuwa pale siku ile, tungekuwa tunagombana wewe na mimi juu ya chai saa hii.

Lakini foleni yenu ya malori ya mawe ina desturi yake. Dereva akiomba kabari hanyimwi. Mvua ilikuwa inanyesha, mmepanga mstari mlimani na mizigo yenu ya mawe, na Barasa wa ng'ambo ya Kenya, aliyekuwa mbele yako, upepo wa breki zake ukaanza kuisha. Akaita, "Wandera, niokoe na kabari!" Ukashuka, ukatoa yako, ukampa. Chini ya tairi lako ukasukuma jiwe, ukaacha gia ndani, ukaenda nyuma kukaza kamba ya turubai. Jiwe kwenye udongo wa mvua ni nini? Gia peke yake haikuuweza mzigo ule, lori likarudi nyuma ulikosimama. Hayo yote nimeambiwa na Barasa mwenyewe. Sitaki kuandika yaliyofuata.

Alikuja mazikoni, unajua? Alivuka mpaka na boda boda, amevaa koti la kuazima, na kabari yako ameibeba kifuani kwa mikono miwili. Akafika mbele yangu akasema, "Mathe," ndivyo wamwitavyo mama huko kwao, "hii ni ya Wandera," akaninyooshea. Nikaipokea. Niliipeleka jikoni nikaiweka juu ya kuni. Mvule unawaka vizuri. Kila asubuhi niliwasha moto kwa kuni nyingine.

Ndipo akaja rafiki yako Othieno kutoka Tororo, kuchukua spana alizokuazima. Nikamfungulia sanduku lako la vyuma. Chini kabisa, ndani ya gunia lenye mafuta, akatoa sahani ya chuma, nene, mviringo, imetobolewa upande mmoja na upande mwingine imechorwa kwa chaki tu. Akalala chini ya lori na viatu vyake vya kanisani, akaipachika kwenye giaboksi. Kisha akaniita, "Mama, njoo uone kazi ya mtoto wako." Nikainama na magoti yangu haya. Matundu yote yamelingana, hakuna hata moja lililolalamika. Ulikuwa umeifikisha nusu, mwanangu. Ilibaki nusu.

Nikatoka pale, nikavaa kitenge kizuri, nikaenda moja kwa moja kwa Ojiambo. Nikamwambia, "Shemeji, handbreki itamaliziwa. Tutapanda Osukuru na mzigo. Isiposhika, waite watu wako wa vyuma chakavu, mimi nitawapikia chai. Ikishika, utalirudisha neno lako mbele ya wazee walewale." Akasema, "Shemeji, wewe huna aibu." Nikamwambia sina, aulize sokoni.

Othieno aliipeleka sahani Tororo kwa mkereza chuma, akatoboa upande uliouchora, dramu ya zamani ikapata pa kukaa. Akachomelea mkono wa chuma nyuma ya giaboksi wa kushikilia viatu vya breki, vile vyuma viwili vinavyoibana dramu. Propela ikakatwa, maana giaboksi yako ni ndefu kuliko ya zamani. Fimbo ya kuvuta kutoka kwenye lever, mpini anaouvuta dereva, nayo haikufika tena, akaweka kebo. Mimi nilikuwa namshikia taa mchana kutwa. Alinitania, "Mama, ukikosa soko nitakuandika kazi." Nikamwambia hawezi mshahara wangu.

Safari ya kwanza ilituaibisha. Kabla hatujafika Busia, njiani kwenda Osukuru, moshi ukatoka chini. Kebo ilivuta kwa pembe, kiatu kimoja kilikuwa kinasugua dramu njia nzima, kingine kimelala. Tulirudi polepole kama watu wanaotoka mahakamani. Ojiambo alikuwa amekaa barazani kwake. Alisimama tu, akaingia ndani. Afadhali angecheka.

Othieno akafungua yote upya. Akaweka kipande kidogo cha chuma chenye kona, kinachopokea mvuto wa kebo na kuugeuza unyooke. Kidogo hivi, kinakaa kiganjani.

Leo tukapanda. Othieno usukani, mimi pembeni, Ojiambo na wazee wake nyuma kwenye gari la kuazima. Tukasimama palepale ulipotolea kabari yako. Othieno akakanyaga breki ya mguu, kabari yako, niliyoichukua kutoka jikoni, ikawekwa chini ya tairi, nikamwomba aniachie lever. Nikavuta mpaka bega likalia. Kisha akasema mtu atoe kabari, na hakuna aliyesogea. Wanaume wazima, wote wanatazama viatu vyao. Akatoka Barasa kwenye foleni. Akapiga magoti matopeni, akaitoa. Othieno akainua mguu wake taratibu.

Lori halikutikisika.

Watu walishangilia. Ojiambo alivua kofia, akalirudisha neno lake, vizuri, kwa jina lako lote na la baba yako. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, mwanangu, hotuba ya kumkalisha chini mwaka mzima. Haikutoka. Nilikuwa nimeshika ile lever, nawaza kile kichuma cha kona kinachokaa kiganjani. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Iliposhika, kuna sehemu yangu iliyotaka isishike, niweze kusema haikuwezekana. Iliwezekana. Ilibaki nusu tu. Othieno alisema, "Mama, achilia sasa, tunazuia foleni," akalazimika kunifungua vidole.

Barasa akaniletea kabari dirishani. Nikamwambia akae nayo. Akasema, "Mathe, siwezi." Nikamwambia, "Wandera alikupa. Mimi ni nani nikunyang'anye?" Akaichukua. Nimemwagiza Othieno, atakayeliendesha lori, achonge nyingine ya mvule aitundike nyuma ya kichwa cha lori, mahali pa kuonekana.

Na hii ndiyo ahadi yangu kwako. Lori la baba yako halitamnyima mtu kabari kwenye mlima wowote, maana sasa linaweza kutoa na likabaki limesimama. Na kila asubuhi kabla halijaondoka Lumino, nitapanda mwenyewe, niivute, nione imeshika.

Kwaheri, fundi wangu. Sokoni bado nakutangaza, na wauza samaki sasa wananisikiliza mpaka mwisho.

Mama yako.