Vifaa Vyako Sivigawi

Baba Neema, mume wangu uliye mbali,

Ezekieli, mliyeondoka naye na mgambo kwenda vitani, amerudi. Kabla hata ya kumfikia mama yake alipita hapa Kitanga kunipa salamu zako. Akasema umelazwa Mwanza, na vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Nikamshukuru Mungu kwamba u hai. Kisha akashusha sauti: "Amesema uvigawe vifaa vyake vya uhunzi, yeye si mtu wa nyundo tena. Na usimngojee upesi."

Nimekasirika, nikufiche nini. Sivigawi.

Unakumbuka ulivyoanza? Mpima kahawa wa ushirika, mtu wa mizani na shati jeupe, katika ukoo wenu hakuna hata mhunzi mmoja. Jioni moja ukaja na kipande cha reli kutoka Kigoma kimefungwa nyuma ya baiskeli, rimu imepinda, nawe unacheka peke yako. "Hii ndiyo fuawe yetu," ukasema, "chuma kitafuliwa juu yake." Nikakuuliza fuawe huliwa na mboga gani.

Yule mhunzi mzee wa Kibondo alikushauri usijaze vitu nyumbani: fuawe, mivukuto ya kupulizia moto, koleo na nyundo moja nzuri, vingine utavifua mwenyewe. Lakini tulipofika dukani kwa Mzee Salumu, pale Kasulu mjini, ukaikumbatia nyundo kubwa kuliko zote. Mimi nikachukua ndogo, nikaiinua na kuishusha hewani mpaka bega likaanza kulalamika. Mzee Salumu akacheka.

"Mama, hiyo ni nyundo, si mchi."

"Kwani mchi hauinuliwi?" nikamjibu.

Mchi mzito humchosha mtwangaji kabla muhogo haujawa unga, hilo kila mwanamke wa huku analijua. Tukanunua ile ndogo, ukanung'unika njia nzima. Siku chache baadaye ulikuja jikoni, jasho linakutiririka, ukakubali taratibu kwa Kiha, "Ego, Mama Neema. Inanifaa." Nilikupenda sana jioni ile, sijui kama nilikwambia. Kisu chako cha kwanza kilipinda kwenye ndizi mbivu. Ninacho bado, nakitumia kukwangulia masizi.

Tangu uondoke nimekuwa nikiipaka mawese ngozi ya mivukuto, isije ikakauka na kupasuka. Ndiyo, mawese yaleyale niliyokuwa nikikugombeza kwamba unayamaliza kabla ya mboga. Siku moja mama yako alinikuta. Unajua kwake mwanamke kushika vitu vya uhunzi ni mwiko. Aligeuza uso, akapita kama hakuniona. Kesho yake nikakuta kibuyu cha mawese mlangoni.

Jana nilikwenda Kasulu. Rafu za Mzee Salumu ni tupu, hata sabuni hakuna. Nilipomweleza habari zako aliingia ndani, akatoka na nyundo yake ya nyumbani, nyepesi kuliko yako. Nikaiinua kwa mkono wa kushoto, nikaishusha, nikaiinua tena, watu wakinitazama. Safari hii hakucheka. Nikamwomba aupunguze mpini kidogo, akaukata palepale. Sasa hivi nyundo hiyo ipo juu ya fuawe.

Najua utakalosema, maana nakusikia hata kutoka huko: nyundo ikihamia kushoto, chuma cha moto kitashikwa na nani? Nami nililiwaza hilo njia nzima ya kurudi. Nilipofika nikamwendea mama yako, nikamwambia wazi ninalotaka kufanya. Aliendelea kupukuchua maharage. Mwisho akasema, "Mwambie arudi. Mkiwasha moto, mimi nitakuwa shambani. Sitaona kitu."

Hakuna anayekudai mkono hapa, Baba Neema. Neema anauliza baba yake yuko wapi, na mimi usingizi wa peke yangu umenichosha. Kipindi hiki chote nimeogopa kwamba utakufa, sitaki sasa nianze kuogopa kwamba u hai lakini hutaki kuja. Ukipona, panda gari uje kama ulivyo.

Koleo nitashika mimi.

Akungojaye, utake usitake,
mkeo, Mama Neema