Kamba Uliyonifunga Mguuni

Mwalimu Bwambale, rafiki yangu,

Najua ungeniambia, "Wee Thembo, unaandikia nani? Posta iko wapi huku?" Cheka tu. Mimi nakuandikia.

Tangu tukuzike kule Kyondo, mambo ni yale yale. Kahawa yako imechumwa, mama wa watoto wako ni mzima, nami bado napitisha mizigo ya malori hapa mpakani Mpondwe. Ila hakuna tena wa kunikatiza nikisimulia: "Hapana, Thembo, haikuwa hivyo." Zamani nilikuwa nakereka. Sasa nayatamani maneno hayo.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki: watu wa televisheni wameniita tena Kampala. Ule mchezo wetu wa nyoka wanaurudia. Safari ile ulikwenda hewani moja kwa moja, ukaisha, hawakubaki nao kwenye mkanda. Basi wameona afadhali tuucheze upya, na mimi, na mvi zangu hizi, niumwe na nyoka mara nyingine.

Unakumbuka mara ya kwanza? Walitaka niumwe shambani, nipige yowe, nianguke, kisha niwekewe jiwe jeusi la Kongo, lile linalouzwa sokoni kwetu, niinuke hapo hapo nicheze ngoma. Mimi nilikuwa tayari kabisa! Wewe walikuita kwa kuwa ulifundisha sayansi Bwera, uwaangalizie kama mambo yako sawa. Kumbe wamejiletea balaa! "Hii nyoka iko kifutu," ukasema. "Kuuma inauma mbio, lakini sumu yake inaenda pole pole. Mutu haanguki hivyo." Kisha ukatoa kipande cha mfupa wa ng'ombe ulichokichoma mwenyewe kikawa cheusi, ukakigandisha kwenye ulimi, ukawageukia wote ulimi nje, mfupa unaning'inia. Jiwe lao ndilo hilo, mfupa tu. Hung'ang'ania penye majimaji, lakini sumu haliijui. Na wanaodhani limewaponya ni wale ambao nyoka aliwauma bila kuwatilia sumu. Tulicheka mpaka fundi wa taa akakaa chini.

Lakini nilikununia, usinikatalie. Ulinilaza kwenye kipoyi mchezo mzima, nabebwa mabegani kupelekwa hospitali, nimekatazwa hata kutikisa mguu! Kwenye treni ya kurudi Kasese sikukusemesha, hadi uliponunua mahindi ya kuchoma dirishani ukanipa lile kubwa.

Basi mara hii nikawaambia: bila mtu wa sayansi, mimi siumwi. Wakamleta daktari, kijana mpole. Akatazama mazoezi mpaka ikafika pale ulipoagiza nifungwe kamba juu ya goti, ikazwe, sumu isipande. Daktari akasema, "Hiyo kamba itoke." Akaeleza kwamba inazuia damu, na sumu ya kifutu ikifungiwa mahali pamoja inaozesha nyama. Alisema amewahi kukata miguu ambayo nyoka peke yake asingeiharibu.

Hasira zilinipanda, Mwalimu! Nikamwambia kamba hiyo iliwekwa na mtu aliyewajua nyoka yeye akiwa bado hajaota meno. Nikatoka nje nikichechemea, kamba yako mguuni. Kuitoa niliona ni kukuzika mara ya pili. Na hofu nayo ikanishika, kwa sababu huku milimani tangu mchezo ule kila nyumba ina kamba yake. Hata wenye jiwe hufunga kamba kwanza. Walimwona nani amefungwa? Mimi.

Nikakaa pale ukutani. Mguu ukaanza kufa ganzi. Nikajiuliza wewe ungefanya nini, wala sikuhitaji kufikiri sana. Ungemhoji yule kijana maswali hadi jasho limtoke, halafu ungeifungua kwa mkono wako. Basi nikaifungua. Damu ikarudi mguuni inachomachoma, na mimi nalia, mtu mzima, wapita njia wananitazama.

Mchezo utatoka bila kamba. Mwishoni watasoma majina ya waliotushauri, lako kwanza, la daktari baadaye. Hapo sikukubali mjadala na mtu. Jumapili naanza kupita Kyondo, kilima baada ya kilima, niwaambie waache kufunga. Najua wengi watanitukana kwa ajili yako, maana wanakupenda. Wacha wanitukane.

Lala salama, ndugu yangu. Na siku wakija kugundua kwamba hata daktari huyu kuna mahali alikosea, nakuahidi, nitapanda treni nikaitoe na kamba ya kwake, kama nilivyoitoa yako.

Wako,
Thembo