Nyumba ya Meneja wa Matengenezo

Jumatatu, 4 Machi
Nimepewa. Meneja wa matengenezo wa kijiji kizima cha mapumziko: nyumba za wageni, bwawa, pampu, jenereta, hadi balbu za njiani. Mkurugenzi akasema cheo kimechelewa. Kweli, nina mvi mpaka kwenye nyusi. Mafundi wenzangu wakanipigia saluti. "Bosi, usichafuke sasa, grisi tuachie sisi!" Nilicheka. Sharti moja tu: meneja huishi humu humu, maana bomba halipasuki kwa miadi. Sijamwambia mke wangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua macho. Amehama vya kutosha, akasema. Tulipokimbia kwetu alibeba mtoto mgongoni na sufuria kichwani, kisha kambi, kisha vyumba vya kupanga, kimoja baada ya kingine. Hapa mtaani ndiyo kwanza jirani ameacha kumwita mgeni — "na wewe unanipeleka kijiji cha wageni!" Kwa sentensi hiyo ningempa yeye umeneja.

Ijumaa, 8 Machi
Hita ya maji imeziba, nyumba ya karibu na bwawa. Nikavua koti, nikaingia chini ya sinki kwa mazoea. Mkurugenzi akanikuta miguu nje. "Mzee wangu, meneja huagiza." Nikatoka. Fundi mwingine akaimaliza, vizuri, polepole kuliko mimi. Kusimama na kutazama nako ni kazi, nadhani.

Mkurugenzi anataka nihamie kufikia Jumapili ya wiki ijayo. La sivyo, yupo mwingine anayekisubiri cheo.

Jumamosi, 9 Machi
Binti yetu kapiga simu. Alikuwa upande wangu kidogo, kisha upande wa mama yake moja kwa moja. Baba, umemwuliza, au umemwarifu?

Nimemwarifu.

Jumapili, 10 Machi
Nimemwuliza. Na akikataa je, akauliza. Nikasema nitarudisha cheo. Akanitazama kama anayekagua mshono. "Usinidanganye, mzee." Sikumdanganya. Nadhani. Atakuja kuona, akasema. Kuona tu.

Jumapili, 17 Machi
Amekuja. Begi moja dogo. Mlinzi wa lango hamjui, akamlaki kama wanavyofundishwa: "Karibu sana, mgeni wetu!" Lo! Ningemziba mdomo. Mke wangu akashukuru kwa adabu zote.

Akazunguka vyumba vya nyumba ya meneja. Akafungua koki, akaifunga. Akakaa ukingoni mwa kitanda, begi mapajani.
"Wageni hapa hutoka saa ngapi?"
"Saa nne asubuhi."
"Na sisi?"
Redio ya kiunoni ikaita: bomba limepasuka jiko kuu, maji yamefika stoo. Nenda, akasema, maji hayangoji mtu.

Nikaenda. Safari hii hakuna aliyeniambia meneja huagiza.

Nimerudi jioni, nimelowa mpaka magotini. Mlango umefungwa. Hodi! Nani? Fundi, nikasema. "Hatujaita fundi." Sauti haikuwa ya hasira. Ya mzaha pia haikuwa.

Mfukoni nina funguo za nyumba zote za kijiji hiki. Nimekaa kwenye ngazi, naandika. Ndani kabati linaburutwa — lile zito, tulilibeba wanaume watatu. Anasukuma, anapumzika, anasukuma tena. Sijui anapanga nyumba au anaziba mlango.