Gololi ya Chuma Mkononi mwa Baba

Jumatatu, 3 Februari

Simu nne za kubadilisha kioo. Moja imetumbukia kwenye sufuria ya maharage, sitaki hata kuifungua. Mchana nimekula ndizi dukani huku nasoma maoni ya watu kuhusu mchezo wa simu niliotengeneza. Miaka miwili ya jasho. Gololi ya chuma inarushwa juu ya ubao ulioinama, inagonga huku na huku, na wewe unaizuia isitumbukie shimoni kwa vipigio viwili. Nimeiga mashine halisi mpaka uzito wa chuma. Ukiitikisa simu, mchezo unaganda na gololi imekufa. Mashine halisi nayo haitaki ujanja.

Mtu wa Ulaya ameandika kwamba alihisi chuma kiganjani. Nyota tano. Vijana wa bodaboda wa stendi hapa Kayanga: "Huu mchezo unatuonea." Nyota moja. Eti mcheza kwao hutunzwa. Labda kwetu si Kayanga.

Jumapili, 16 Februari

Nyumbani Kamuli baada ya ibada. Nimemwekea Baba mchezo kwenye simu yake, tukailaza mezani. Kumbe ujanani aliwahi kucheza mashine yenyewe, Bukoba, kwenye ukumbi fulani. Alinishinda vibaya sana. Alicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuangalia. Maoni ya Ulaya sasa siyahitaji.

Alhamisi, 6 Machi

Nasikia kule Rubwera wanaucheza kwa dau. Walianza na soda. Nimeongeza tangazo: huu si mchezo wa kamari. Nani anasoma matangazo?

Jumapili, 23 Machi

Mama amepiga simu, analia. Baba ameweka dau kahawa ya kibanja chote. Kahawa mbichi, bado iko mtini. Kuuza butura tumezoea: mwenye shida anachukua chake mapema, mnunuzi anasubiri kuvuna. Lakini butura ya mchezo wa simu? Ni Baba pekee. Alijiona bingwa kwa sababu mimi ndiye niliyeutengeneza. Alicheza na Kamugisha, mnunuzi kutoka Muleba mwenye duka Rubwera, mbele ya mashahidi, wote wawili wakicheza wima barazani, simu mkononi. Gololi zote za Baba ziliganda.

Nina hasira naye. Nina hasira nami zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefunga duka, nimekwenda Kamuli. Nilidhani simu yake ina hitilafu. Nikaipima kwa programu inayochora mtikisiko. Mezani, imetulia. Mkononi mwangu, imetulia. Nikampa Baba. Mstari kwenye kioo ukaruka kama mahindi kikaangoni. Akabana pumzi, akakaza viwiko mbavuni. Ukaendelea kuruka.

"Simu hii mbovu," akasema.

Nikasema ndiyo, Baba.

Jioni nimemwambia Mama kuhusu mikono ya Baba. Alikuwa anajua. Tangu Krismasi humjazia kikombe nusu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda Rubwera kumwomba Kamugisha. Nilimwamkia kwa adabu zote, nikakaa mwisho wa benchi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Akasema: "Mwanangu, mashine umeitengeneza wewe. Kama ni mbovu, sema, kahawa nakurudishieni." Ningesemaje? Yeye alitumia simu hiyo hiyo na haikuganda hata mara moja. "Basi ni nini?" akauliza.

Jibu lilikuwa mdomoni. Mama alikuwa amenikataza. Baba ni mzee wa kanisa. Watasema ni pombe, au watasema amerogwa. Kahawa itazaa tena, Mama alisema, jina halizai tena.

Nikaaga.

Jumanne, 22 Aprili

Nimemwomba Baba twende hospitali. Anasema mikono ni yake. Nimeomba tena. Ametoka, amekwenda kupalilia migomba. Nililiona jembe lake likipotoka, likagonga shina.

Watu wa Ulaya wanaomba ubao wa pili. Sina moyo.

Jumamosi, 14 Juni

Wavunaji wa Kamugisha wamefika kibanjani asubuhi. Wametuamkia vizuri, wakaingia kwenye mibuni yetu. Mama amewapelekea uji, kwani wao wana kosa gani?

Jana nilikuwa nimeondoa ule mgando kwenye simu ya Baba, bila kumwambia. Leo amekaa barazani akacheza. Mikono ikatetemeka apendavyo Mungu, gololi ikaendelea kukimbia, alama zikapanda kupita kawaida. Nilitegemea afurahi. Akaacha kucheza.

"Umeigusa," akasema.

Akaninyoshea simu.

"Irudishe ilivyokuwa."

Nikairudisha. Nyuma ya nyumba walikuwa wanafunga magunia. Baba akaishika simu kwa mikono miwili, akarusha gololi. Ikaganda. Akaanza upya.