Takia Tupu la Khan wa Kalat

Nizwa, Jumatano, Agosti 1982

Joto tangu alfajiri. Sijala kitu.

Makala yangu juu ya Kalat, dola ya zamani ya Wabulushi, imetoka leo, ukurasa wa ndani. Kila kilichoandikwa ni kweli. Hilo ndilo linalonikera.

Aliyenisimulia ni Ami Shahdad, Mbulushi. Baba yake alitoka Kalat akaenda Unguja kuwa askari wa Sultani. Yeye mwenyewe alikimbilia huku baada ya mapinduzi, kama sisi Waarabu wa Unguja. Wiki mbili nilikwenda kwake kila alasiri. Kila mara alinikalisha kushoto, naye kulia, katikati takia tupu, mahali pa Khan, mtawala wa Kalat. Ndivyo walivyokaa wakuu wa makabila mbele ya Khan: wa Sarawan kulia, wa Jhalawan kushoto. Takia lile halikaliwi hata na mjukuu.

Alinieleza habari za Khan wa zamani aliyempa bandari ya Gwadar mwana wa watawala wa Oman aliyekosana na jamaa zake, apate pa kujistiri. Akanieleza na habari za Khan wa mwisho, aliyetia saini kuingia Pakistan. Miaka saba baadaye dola yenyewe ikafutwa.

"Mkimbizi wenu tulimpa mji mzima," alisema. "Leo mjukuu wangu anaposa, anaulizwa asili."

Hakutaka shukrani. Alitaka jina la baba yake lichapishwe, na ukoo wake, basi.

Juzi mwanawe Yusuf alinifuata sokoni. Aliongea taratibu, macho chini.

"Bwana, wakwe wa mwanangu nimeshawaambia sisi watu wa hapa hapa. Ukiliandika jina la babu, posa imekufa."

Nikaifuta mistari minne iliyomtaja. Haikunichukua hata dakika.

Ningependa kumlaumu Yusuf. Lakini kwenye fomu ya pasipoti, penye mahali pa kuzaliwa, niliandika Nizwa. Nimezaliwa Malindi, Unguja.

Mimi hakuna aliyeniomba.

Kesho alasiri nitampelekea Ami Shahdad gazeti. Hajui kusoma, atasomewa na Yusuf. Namjua Yusuf: akifika pale palipokatwa atalitaja jina la babu yake, kwa sauti, na ukoo wote, kana kwamba limeandikwa. Mzee ataitikia kwa kichwa.

Nami nitakuwa kushoto, nanywa kahawa yake.