Lenzi ya Mbali

Kariakoo, 3 Agosti 1999

Mke wangu Bibi Kunegunda,

Shikamoo. Mimi mzima kupita kiasi. Kwa mambo ya macho, Dar nzima hakuna wa kunigusa. Madaktari wenyewe wakikwama wananitafuta. Duka langu la miwani lina vioo pande zote, mteja anajiona mzuri kabla hajanunua. Na darasa lenyewe niliishia la sita!

Nasikia hospitali ya misheni wamefika wageni wa kutoa mtoto wa jicho. Sikiliza bingwa. Wakishamtoa wanapachika lenzi humo humo ndani. Ipo ya kawaida, ya mbali tu: utauona mlima Matogoro, ila kwa kusoma lazima miwani. Halafu ipo mpya, mbali na karibu kwa pamoja. Chukua hiyo! Utachagua mchele na barua zangu utasoma mwenyewe, maana huyo jirani yako Lidwina najua anaruka matani.

Krismasi nakuja. Jiremberembe.

Mumeo,
Kajetani

Mfaranyaki, Songea, 30 Agosti 1999

Mume wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti tu na baridi hii. Anayeandika ni Lidwina. Matani haruki, anacheka kwanza peke yake ndipo ananisomea.

Jicho tayari. Hiyo yako mpya daktari alinieleza: inagawa mwanga, vitu vinafifia kidogo, na jioni kila taa inavaa duara. Nikamwambia weka ya mbali. Hapa karibu nitazame nini? Kitanda kimoja, sahani moja. Wewe utatokea kule barabarani, kwenye mashine ya kusaga. Nataka nikuone kuanzia pale.

Bibi yako

Mfaranyaki, 4 Januari 2000

Mume wangu,

Hujambo huko? Hukuja, duka limekubana.

Nina swali, maana bingwa ni wewe. Siku moja kabla ya Krismasi nilikaa kibarazani. Pale mashineni akatokea kijana, mwendo wako kabisa, bega moja juu. Shingoni kaning'iniza ubao wa miwani kama machinga. Nikaita, "Mume wangu, nimekuona!" Watu wakacheka. Akanitazama, akakata njia ya Lizaboni.

Sasa wewe una duka, ubao wa nini? Basi jicho hili linanionyesha watu wasiokuwepo. Lidwina anasema nirudi kwa daktari alifungue tena. Naogopa. Nifanyeje?

Bibi yako

Dar es Salaam, 19 Januari 2000

Bibi,

Shikamoo. Dada Lidwina, soma yote, usiruke.

Usiende kufunguliwa jicho. Habari za lenzi nilizisikia kwa muuguzi aliyenunua miwani kwangu. Duka lenyewe ndio ule ubao. Nilitaka niufiche kwa rafiki yangu Bakili, Lizaboni, niazime shati, ndipo nije kwako kibosi. Ukaniona kabla sijafika.

Nilikusikia ukiita. Ulisimama, ukakinga jua kwa kanga. Sikukuu yote nilikaa chumbani kwa Bakili, hatua chache kutoka kwako, nasikia kengele za kanisa.

Jicho lako zima, Bibi. Yule alikuwa mimi, na nilikukimbia.

Mjukuu wako,
Kajetani