Lori la Baya

Mwanapili, nimechoka hata sijui nianzie wapi. Shangazi amenisimulia leo habari ya babu Mwinga na lori la jeshi, Kikoneni, mwaka 1955.

Katika Vita vya Pili vya Dunia babu, dereva wa jeshi, aliugua, rafiki yake Baya akaliendesha lori la babu, akafia humo.

Baadaye babu akapata lori kuukuu la aina ile, akalitengeneza miaka miwili, akiamini ndilo lile alilofia Baya. Kila Jumamosi mamake Baya alikuja kukaa ndani yake.

Siku moja babu akakwangua rangi kwenye chesisi, fremu ya chini ya lori. Nambari iliyochongwa hapo si yenyewe, si ile ya lori lake la vitani. Akaisoma tena. Si yenyewe.

Mamake Baya alipofika, babu akamwambia, macho chini.

Unajua alijibu nini? "Nilijua, mwanangu. Lile liliungua na Baya, barua ya jeshi ilisema. Nilikuwa nakuja kukuangalia wewe."

Jumamosi iliyofuata akaja tena.